Kucha za jeli najipaka mwenyewe. Sasa vidole vinawasha na harusi ya wifi imekaribia

Shikamoo mama,

Nina miaka 29, nimeolewa hapa Tanga, nina watoto wawili. Naomba usinitaje jina. Shida yangu ni ya kucha, na najua wapo watakaoiona ndogo, lakini wiki mbili hizi imeninyima usingizi.

Mwanzoni mwa mwaka jana niliacha kwenda saluni kupaka rangi ya jeli. Kila mara ilikuwa shilingi 20,000, na mimi sikai nayo. Naswali, kwa hiyo jeli napaka ninapoingia hedhini tu, na siku ya sita au ya saba, kabla ya kuoga josho, naitoa. Rangi ya kukaa wiki tatu mimi naikalia siku sita. Mume wangu alipoona fedha zinavyokwenda akaninunulia seti: taa, besi ya kupaka chini, topu ya kupaka juu na chupa sita za rangi. Taa yenyewe ni nyeupe, miguu yake inakunjwa, imeandikwa 48W, na waya wake unachomekwa kwenye chaja ya simu. Umeme ukikatika naunganisha kwenye pawabenki.

Ninavyofanya ni hivi. Nasukuma ngozi ya shina la kucha, nasugua kucha kwa tupa mpaka mng'ao uishe, nafuta kwa spiriti ya duka la dawa, napaka besi na kuingiza vidole vyote vitano kwenye taa kwa sekunde 60. Halafu rangi tabaka mbili, kila tabaka sekunde 60, halafu topu. Rangi naipeleka mpaka ikutane na nyama, kwa sababu nikiacha nafasi inaonekana kama kucha imeshakua. Kwenye kutoa, zamani nilikuwa naloweka kwa asetoni na pamba, lakini kwa watoto wadogo nani ana nusu saa ya kukaa mikono imefungwa? Siku hizi nainua ncha kwa kijiti na kubandua. Inatoka nzima kama ganda.

Kazi yangu ikapendwa. Majirani wakaanza kuja, nikawa natoza 10,000. Fedha hiyo ndiyo inayonunua madaftari ya mtoto na vitu vidogo ambavyo sipendi kumwomba baba yao.

Sasa miezi mitatu iliyopita nikaanza kuwashwa ncha za vidole. Inaanza siku ya pili baada ya kupaka, sio siku ileile. Vinatoka vipele vidogo vyenye maji, vinapasuka, ngozi inabanduka. Duka la dawa wakanipa krimu, nikapona, nikapaka tena jeli, ikarudi vilevile. Mwezi uliopita kope zikavimba zote mbili. Nikasema ni wanja mpya, nikautupa. Kucha zenyewe zimekuwa laini kama karatasi, nikifungua kifuniko cha sufuria zinapinda. Na wateja wawili waliotaka damu ya mzee wamerudi, rangi imejikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka.

Mimi nadhani ni asetoni, au seti ni feki. Mavyaa anasema ni ile taa, eti inaleta saratani.

Kinachonibana ni harusi. Wifi yangu anaolewa baada ya wiki tano. Nipake jeli watu tisa, yeye bibi harusi na wenzake wanane watakaovaa sare, siku moja kabla ya usiku wa hina. Mavyaa alishatangaza kwenye kikao cha wanawake kwamba "kucha zote ni za mkamwana wetu". Nimepewa shilingi 120,000 za vifaa na nimeshatumia 85,000. Nikikataa nitaonekana naringa au namwonea wifi wivu. Nikikubali naogopa mikono yangu, na sasa naogopa hata mikono yao. Nafikiria kuvaa glavu nimalize kazi, halafu ndiyo niache. Nilisikia pia kuna jeli zisizo na kemikali mbaya. Mume wangu sijamwambia, kwa sababu taa alinunua yeye na anajivunia.

Nisaidie mama.

Mwenye vidole vinavyowasha, Tanga

*

Marahaba, mwanangu. Si jambo dogo. Mikono ndiyo unayopikia, unayoogeshea watoto, na sasa ndiyo inayokupa shilingi yako mwenyewe. Mtu akikuambia "ni kucha tu" hajakusikiliza.

Nimesoma barua yako zaidi ya mara moja, na jambo la kwanza ninaloliona ni kwamba umefunga maradhi mawili kwenye kitambaa kimoja. Kucha zilizolainika ni jambo moja. Vidole vinavyowasha ni jambo jingine kabisa, lenye sababu nyingine. Ukiyatenganisha utaona pia kwamba harusi inagusa hili la pili tu.

Tuanze na kucha, kwa kuwa ndiyo nyepesi. Kucha imejengwa kwa matabaka yaliyolaliana. Jeli ikishaganda inashika tabaka la juu, na ukiibandua kwa kijiti hutoi rangi peke yake. Unaondoka na kucha. Geuza lile ganda ulitazame upande wa ndani, utaona unga mweupe. Huo unga ni kucha yako. Ukifanya hivyo kila mwezi, na kila mwezi unasugua tena kwa tupa kabla ya kupaka, itabaki kweli karatasi. Hakuna mafuta wala dawa ya kuirudisha, kwa sababu sehemu unayoiona haina uhai. Inakua tu na kusukumwa mbele. Kucha ya mkono hukua karibu milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo kucha nzima mpya inahitaji kama miezi sita. Zikate fupi, zipake mafuta ya nazi au Vaseline kila usiku, na zisubiri.

Kutoa jeli inavyotakiwa ni kusugua kwanza topu mpaka mng'ao wote uondoke, maana topu ndiyo inayozuia asetoni isiingie. Unapaka Vaseline kwenye ngozi inayozunguka kucha, unaweka kipande cha pamba kinachotosha kucha peke yake, kimelowa asetoni, unazungushia karatasi ya foili na kusubiri dakika 10 hadi 15. Ikiiva inajiinua yenyewe kama rangi ya ukuta uliopata unyevu, na unaisukuma kwa kijiti bila nguvu. Isiposukumika, unarudisha pamba dakika tano nyingine. Asetoni inashika moto upesi, kwa hiyo kazi hiyo isifanyike jikoni wala karibu na mshumaa wakati umeme umekatika.

Hapo nina swali, na nakuuliza kwa upole. Jeli imetengenezwa iwe ngumu kutoka. Sifa yake yote ni hiyo. Wewe unahitaji rangi ya siku sita, inayotoka haraka na yote kabla ya josho, isibaki hata chembe ya kuzuia maji. Je, ni jeli uliyokuwa unaihitaji, au ulihitaji kucha zinazopendeza siku hizo? Rangi ya kawaida, ile inayokauka kwa hewa, ikipakwa mikono miwili myembamba juu ya besi yake na kufunikwa ncha, hukaa siku nne au tano na hutoka kwa pamba ndani ya dakika moja. Sikwambii uache jeli kwa sababu hiyo. Nasema tu kwamba kalenda yako na kalenda ya jeli hazikuwahi kupatana, na anayelipia tofauti hiyo ni kucha.

Sasa vidole. Unadhani ni asetoni. Asetoni huudhi ngozi, ni kweli, lakini kwa namna yake: ngozi inakauka, inapauka, inachonyota palepale, na ukipaka mafuta siku mbili tatu inatulia. Wewe unasema mwasho unakuja siku ya pili, na vipele vya maji, na kila ukirudia jeli unarudi, na kope zimevimba ingawa hukupaka jeli kwenye kope. Na zaidi ya yote, asetoni umeiacha siku nyingi; unabandua. Dalili hizo zinafanana sana na mzio wa jeli yenyewe. Kope huvimba kwa sababu ngozi yake ni nyembamba na kutwa tunazigusa bila kujua. Inawezekana wanja ulitupwa bila kosa. Nasema "zinafanana" kwa makusudi, kwa maana fangasi na sabuni za kufulia huweza kuleta picha ya karibu, na mwenye kuthibitisha ni daktari wa ngozi.

Mzio huo unatokana na nini? Jeli ikiwa ndani ya chupa ni majimaji yenye chembe ndogo za jamii ya akrileti, na maarufu zaidi kati yake huandikwa kwenye chupa HEMA. Haikauki kwa hewa. Mwanga wa taa, wenye mawimbi ya nanomita 365 hadi 405 hivi, huamsha kiungo kimoja ndani yake, zile chembe zikashikana mikono na kuwa kitu kimoja kigumu. Zikishashikana vizuri, ngozi haina ugomvi mkubwa nazo. Zikiwa bado huru, mbichi, huingia kwenye ngozi, na baada ya kuingia mara nyingi mwili wa baadhi ya watu huamua kuzitambua kama adui. Ndiyo maana ulifanya kazi mwaka mzima salama kisha ikaanza. Wengi huduwazwa na hilo, wakasema "mbona zamani haikunidhuru?" Mzio huu haugongi hodi siku ya kwanza.

Kwa hiyo suala si kama seti ni feki au halali. Suala ni wapi jeli mbichi imekuwa ikigusa ngozi yako, na barua yako imenionyesha milango kadhaa.

Mlango wa kwanza ni ile taa. Imeandikwa 48W na inachomekwa kwenye chaja ya simu. Piga hesabu: chaja ya kawaida hutoa volti 5 na ampea 2, ambazo ni wati 10. Wati 48 haziwezi kupita hapo hata ikiandikwa kwa herufi za dhahabu, na kwenye pawabenki hali ni ileile. Wati peke yake hazisemi kila kitu kuhusu taa, lakini zinakutosha kujua kwamba sekunde 60 zilizoandikwa kwenye chupa zilipimwa kwa taa nyingine, si hiyo. Na kuguswa ikawa ngumu si ushahidi. Juu huganda kwanza, chini kwenye kucha pakabaki pabichi, na wewe unatembea na ubichi huo siku sita.

Rangi ya damu ya mzee iliyojikunja ni ugonjwa uleule. Rangi nzito, nyeusi na hata nyeupe huzuia mwanga usipenye. Ukiipaka nene, ngozi ya juu inaganda na kujivuta wakati chini bado ni maji, na ndipo inapojikunja kama maziwa. Dawa yake ni mkono mwembamba kiasi kwamba wa kwanza unaonekana una mabaka, na wa pili ndio unaofunika. Nacho kidole gumba hukaa ubavu unapoingiza vidole vyote pamoja, hivyo upande mmoja hauoni mwanga. Gumba huingia peke yake, kimelala sawasawa.

Mlango wa pili ni kupeleka rangi mpaka nyama. Naelewa kwa nini: inapendeza siku ya kwanza. Lakini hapo unaiweka jeli mbichi juu ya ngozi kwa mkono wako mwenyewe, na hapo hapo ndipo rangi huanza kuinuka, kwa sababu ngozi ina mafuta na inacheza. Acha upenyo mwembamba, milimita moja au pungufu, pande zote. Ikimwagikia ngozi, ifute kwa kijiti kabla ya kuingia kwenye taa. Kuna pia ule utando wa kunata unaobaki juu baada ya taa. Unabaki kwa sababu oksijeni ya hewani huzuia tabaka la juu kabisa lisigande, kwa hiyo ni jeli mbichi, na wengi huufuta kwa kidole au kwa pamba iliyolowa ikawachuruzikia vidoleni. Topu nyingi zinao. Hufutwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kila kucha na upande wake safi.

Na ile spiriti ya duka la dawa, soma kibandiko. Baadhi ya spiriti za kupaka ngozini huchanganywa na mafuta ya nyonyo zisikaushe ngozi, na mafuta ndiyo unayojaribu kuyaondoa. Unayotaka ni alkoholi tupu ya asilimia 70 au zaidi.

Kuhusu saratani anayoisema mavyaa, usimbishie wala usiogope kupita kiasi. Mwaka 2023 ilitoka tafiti ya maabara iliyoonyesha kwamba taa hizi zinaweza kudhuru seli zilizowekwa kwenye vyombo na kumulikwa dakika 20 kwa mkupuo. Seli kwenye chombo si mkono wenye ngozi, na hatari kwa anayepaka mara moja kwa mwezi huhesabiwa kuwa ndogo. Anayetaka utulivu wa moyo hupaka mafuta ya kuzuia jua mikononi au huvaa glavu zilizokatwa ncha. Kwako taa ina kosa jingine: mwanga wake ni haba.

Sasa niseme neno ambalo si tamu. Ikiwa huu ni mzio kweli, hauishi kama mafua. Mwili ukishazitambua chembe hizo, kwa kawaida unazikumbuka maisha yote, na safari inayofuata hutosha tone dogo zaidi. Jamii hiyo ya akrileti imo pia kwenye dawa za kuzibia meno, kwenye gundi ya baadhi ya vifaa vya kupima sukari vinavyobandikwa mwilini, na kwenye saruji wanayotumia madaktari wa mifupa. Mgonjwa mwenye mzio hutibiwa, ila ni lazima aseme mapema. Ndiyo sababu ningependa upate jibu la daktari kabla ya kupata jibu la harusi. Kipimo chake ni cha kubandika: viraka vidogo vyenye vitu mbalimbali huwekwa mgongoni saa 48, kisha ngozi husomwa siku hiyo na tena siku chache baadaye. Anza hospitali ya mkoa. Pale Moshi, kwenye hospitali ya rufaa ya KCMC, kuna kituo cha kufundishia magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992. Uliza kama kipimo hicho kinapatikana. Nenda na chupa zako. Tafadhali usijipime nyumbani kwa kupaka kidogo "uone". Kila jaribio la namna hiyo laweza kuuchochea mzio zaidi.

Na ile krimu ya duka la dawa, isome nayo. Nyingi zinazotuliza mwasho haraka zina steroidi kali, na steroidi kali haiwekwi kwenye kope. Inakondesha ngozi, na ikiingia jichoni kwa muda huweza kupandisha presha ya jicho.

Tuje kwenye harusi. Umeniandikia kana kwamba njia ni mbili, kukubali au kukataa. Kabla ya hapo, nani hasa alikuomba? Naona mavyaa ndiye aliyetangaza. Wifi mwenyewe umemsikia akitaka jeli, au alitaka kucha nzuri za picha na wewe uwe karibu naye siku hiyo? Na usiku wa hina ukishapita, yeye ataswali na jeli juu ya kucha? Wewe umejiwekea utaratibu wa siku za hedhi kwa sababu unajua maji ya udhu hayapiti. Wako wanane wengine, na hedhi zao hazikupangwa kwa ajili ya harusi. Mafundisho yaliyozoeleka kwetu pwani ni kwamba aliyetia udhu kisha akapaka, udhu wake unakaa mpaka utenguke, na baada ya hapo rangi lazima itoke. Mwenye shaka amuulize sheikh wake. Huenda hata wao hawajalifikiria, na hapo kwenye mazungumzo hayo pana mlango wa heshima wa kutokea bila kumnyima mtu kitu.

Ukiamua kupaka jeli watu wote tisa, hesabu ni hii. Besi, rangi mara mbili na topu ni matabaka manne. Kila mkono unaingia mara mbili kwa kila tabaka, vidole vinne kisha gumba. Mikono miwili, dakika moja kila mara: dakika 16 za taa kwa mtu mmoja, na kwa watu tisa saa mbili na dakika 24, bado hujahesabu kusukuma ngozi, kusugua wala kupaka. Kwa taa yako dhaifu zidisha. Ni kazi ya kutwa nzima, na mikono yako ndani ya jeli kutwa nzima. Glavu unazozifikiria hazikulindi unavyodhani. Zile za mpira mwembamba hupitisha akrileti ndani ya dakika chache. Za nitrili ni afadhali, lakini nazo hupitisha, na lazima zibadilishwe mara tu zinapoguswa na jeli, sio mteja akiisha. Vumbi la kusugua nalo hurukia usoni. Mtu asiye na mzio anaweza kufanya kazi hiyo kwa uangalifu. Kwa mtu ambaye kope zake zimeshavimba mara moja, hatari niliyoieleza hapo juu inasimama palepale.

Jeli zilizoandikwa kwamba hazina HEMA zipo kweli. Lakini nyingi zimeweka ndugu yake, kama ile inayoandikwa hydroxypropyl methacrylate, na mwenye mzio wa mmoja mara nyingi humkataa na mwenzake. Umoja wa Ulaya ulishaamua kwamba jeli zenye HEMA ziandikwe kuwa ni za mafundi waliosomea tu, na tarehe 1 Septemba 2025 ukapiga marufuku kiungo kingine kinachoamshwa na mwanga, TPO. Nakutajia ili ujue nini cha kutafuta kwenye kibandiko. Seti isiyoorodhesha kilichomo haikupi hata nafasi ya kuchagua.

Ipo njia ya kugawana kazi. Wewe ufanye ile kavu ambayo haina jeli: kukata, kutengeneza umbo, kusukuma ngozi, kusafisha. Fundi mwingine apake. Chupa ambazo hujazifungua ni zake, na shilingi 35,000 zilizobaki ni za kuanzia malipo yake. Hasara yake ni kwamba zitapungua, na itabidi mtu aongeze. Ipo pia njia ya rangi ya kawaida kwa wale wanane, ambayo kwa shughuli ya siku mbili inatosha na wanaotaka kuswali wataitoa usiku huohuo. Hiyo nayo ujue kwamba wapo inaowadhuru, na kwa kawaida huwashika kwenye kope vilevile, kwa hiyo daktari akipima, apime na hiyo. Kucha za kubandika ni nyepesi, ila gundi yake ni jirani wa akrileti. Wenye mzio wengi huivumilia, si wote.

Na bibi harusi anayo hina. Hina hutia rangi ndani ya kucha bila kuweka tabaka, maji yanapita, na mwanamke wa Tanga hahitaji kuelezwa uzuri wake. Nakusihi tu jambo moja: hina iwe hina, sio piko. Lile piko jeusi mara nyingi ni rangi ya nywele, lina kemikali inayoitwa PPD, na limewaunguza mabibi harusi wengi mikono na miguu. Ngozi yako wewe sasa hivi isiliguse kabisa, hata kwa kumchorea mtu.

Kuna watu wengine ninaowafikiria ambao hukuwataja sana, nao ni wateja wako. Umewapaka mpaka nyama, kwa taa ileile. Haina maana kwamba umewadhuru, na sitaki ulale na hatia hiyo. Lakini wawili wale waliorudi, na wengine unaowajua, wana haki ya kuambiwa: "Ukiwashwa vidole au kope, usipake tena mpaka uonwe na daktari." Ni sentensi moja. Inaweza kukupunguzia wateja, na inaweza kuwafanya wakuamini zaidi. Siwezi kukuahidi ni ipi.

Mume wako ungemwambia wa kwanza, mimi naona, kabla ya wifi na kabla ya mavyaa. Si lazima uanze na taa. Muonyeshe vidole. Aliinunua akuone umefurahi na fedha za nyumbani zimebaki, na sidhani angependa ajue mwishoni kwamba ulikuwa unaficha mikono kwa ajili ya kumlinda yeye. Yeye akishajua, kwenye kikao cha wanawake hutakwenda peke yako hata kama hatakuwemo. Kwa wifi, nenda mwenyewe, mchana, si kwa simu wala kupitia mtu, na mapema. Wiki tano zinatosha kutafuta fundi, siku tano hazitoshi. Vidole vyako ni ushahidi usiohitaji maelezo. Unaweza kumwambia, "Wifi, mikono yangu imekataa jeli, lakini siku yako nipo. Niambie unachokitaka kweli." Halafu umsikilize. Inawezekana ataudhika. Inawezekana pia atakushika mkono akutazame vidole kabla ya neno lolote.

Fedha ya madaftari nayo sijaisahau. Kusafisha, kutengeneza umbo, kupaka rangi ya kawaida, kuchora hina: hizo zote ni kazi zinazolipwa, ingawa si 10,000 kila mara. Unajua mwenyewe mtaa wako unalipa nini.

Mpaka uonane na daktari, jeli iliyobaki kwenye kucha usiibandue. Itoe kwa foili kama nilivyoeleza, au ikate kidogo kidogo inavyokua kama ngozi bado ina vidonda na asetoni inachoma. Ukiniandikia tena, geuza taa uniambie chini yake pameandikwa volti ngapi na ampea ngapi, na unitajie maneno yote yaliyo kwenye kibandiko cha besi.